Somo la Kongwa kwa Mafundi wa Mitambo ya Serikali

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilipeleka matrekta Kongwa, mkoani Dodoma, kwa azma ya kupanda karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika Mashariki na ya Kati. Wapangaji walikuwa wameizuru nchi kwa wiki chache tu mwaka uliotangulia. Udongo wenyewe hawakuujaribu vya kutosha. Kiangazi kilipofika ardhi iligeuka ngumu kama saruji, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36.

Leo Dodoma, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, inapanda mbegu ya namna nyingine: programu za kompyuta zinazopokea malipo, kutunza kumbukumbu za wagonjwa na kutoa leseni. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Zanzibar nayo inayo mamlaka yake. Basi kinachoandikwa katika nyanda kavu za kati hutumika hata Mafia na Ukerewe. Swali letu ni moja: je, kimejaribiwa katika udongo wa huko kitakakoota?

Kila kompyuta huongozwa na mfumo endeshi, nao hutoka toleo baada ya toleo. Fundi wa mjini aweza kuwa na toleo jipya, hali seva ya hospitali ya kisiwani ingali na la miaka mingi iliyopita. Programu iliyoundwa juu ya Ubuntu 22.04 yaweza kukataa kabisa kuwaka katika CentOS 7, kwa kuwa maktaba ya msingi iliyomo humo ni kongwe mno kwake.

Kwa hiyo mafundi hodari hutunza taswira, yaani nakala iliyofungashwa ya kila toleo. Huifungua katika kontena, wakaijaribu programu humo, na kwa muda mfupi hujua ni wapi itagoma. Ni njia njema na ya gharama ndogo. Lakini taswira, kama mbegu ghalani, hutaka kutunzwa.

Tarehe 30 Juni 2024 utunzaji wa CentOS 7 ulikoma. Anwani zilizokuwa zikigawa vifurushi vyake zikafungwa, na waliojaribu kuijenga upya taswira yake kwa maelekezo yaleyale ya zamani wakaona kazi inakwama. Ubuntu 20.04 nayo ilifikia ukomo wa huduma yake ya kawaida mwaka 2025. Wako pia wanaoita taswira zao “ya karibuni” bila kutaja namba ya toleo: jina halibadiliki, yaliyomo yanabadilika, na jaribio la leo halilingani tena na la mwezi uliopita.

Jambo la mwisho husahauliwa na wengi. Kontena haina kiini chake yenyewe. Huazima kiini cha mashine iliyoibeba. Taswira ya toleo kongwe ikifunguliwa juu ya mashine mpya ya Dodoma haithibitishi kila kitu kuhusu mashine kongwe ya kisiwani. Ni sawa na kupima udongo wa Kongwa katika chungu cha ofisini.

Tumfikirie mama wa Jibondo aliyevuka bahari kwa mashua hadi Kilindoni, mtoto mgonjwa mgongoni, kisha akaambiwa dirishani kwamba mtambo umegoma tangu programu ilipobadilishwa. Maji yakitoka, chombo hakimngoji. Huyo hana haja ya kujua taswira ni kitu gani. Anachodai ni huduma.

Hatuna budi, basi, kuwakumbusha viongozi wetu mambo matatu. Kila idara iwe na orodha ya kweli ya matoleo yanayotumika vituoni, hata vile vya mbali. Taswira zijengwe upya kwa ratiba, zitajwe kwa namba, na ziondolewe pale tu mashine ya mwisho ya toleo hilo inapobadilishwa. Tena bajeti iwe na fungu la utunzaji, pamoja na mashine moja ya kujaribia inayofanana na zile za visiwani.

Haya hayana sherehe wala utepe wa kukata. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kongwa hatukuupanga sisi. Mitambo hii ni yetu wenyewe.