Je, Wajua? Rangi mpya yaweza kukata bei ya besi ya zamani

Gitaa la besi la Fender la miaka ya 1960 likipakwa rangi upya, hata na fundi hodari, thamani yake sokoni huweza kushuka kwa karibu nusu. Wakusanyaji hulipia uasilia: rangi ya kiwandani, vinasa sauti vilevile, hata lehemu ambayo haijaguswa. Ndiyo maana mnunuzi makini hufungua kifuniko na kukagua nyaya kabla ya kutaja bei.

Vikazio vipya vya nyuzi vinavyoingia kwenye matundu yaleyale ya skrubu havina madhara makubwa, mradi vya awali vimetunzwa. Mbao iliyochimbwa ili kuongeza kinasa sauti hairudi.

Lakini mmiliki akiwa mpiga besi Jaco Pastorius, hesabu hugeuka kabisa. Mmarekani huyo alipiga Fender Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti. Mapengo yakajazwa, kisha ubao wa shingo ukapakwa epoksi ya kutengenezea mashua ili nyuzi zisiumomonyoe. Mikononi mwa mtu mwingine, huo ungehesabiwa uharibifu. Besi hiyo iliibwa mwaka 1986, na ilipopatikana miaka mingi baadaye, Robert Trujillo wa bendi ya Metallica ndiye aliyetoa fedha za kuinunua.