MKIMBIZI NA MANENO YAKE: ATAAMINIWAJE?

Aliyekimbia kuuawa hatoki kwao na barua ya ushahidi. Mara nyingi ana mdomo wake tu.

Huko Australia, aliyenyimwa viza ya ulinzi anaweza kukata rufaa mbele ya baraza lililoanza kazi Oktoba 2024. Baraza hilo huuliza:

(a) Aliyosema kwanza yanapatana na anayosema leo?

(b) Yanalingana na habari zinazojulikana za nchi yake?

(c) Mbona jambo fulani hakulitaja kabla ya uamuzi wa kwanza kutolewa? Akikosa sababu ya maana, sheria yasema litiliwe shaka.

Lakini kukosea tarehe si lazima iwe ni uongo. Aliyeteswa huweza kusahau siku. Aliyenajisiwa huona haya mbele ya mkalimani. Ndiyo maana mwongozo wa UNHCR wa 1979 wasema: akiwa amejitahidi kweli, na maelezo yake kwa jumla yanaaminika, shaka iliyobaki imfaidi yeye. Kumrudisha kwa makosa kwaweza kuwa kifo.

Basi ukimshauri mkimbizi, mwambie aeleze yote mapema, asitie chumvi. Asilokumbuka aseme, “Sikumbuki.” Asipomwelewa mkalimani, aseme papo hapo.