Saa ya urithi: ipigwe polishi au iachwe?

Ndugu yangu wa Pwani uliyeko Thika au Ruiru, ukipeleka Rolex ya marehemu babu kwa fundi, atakuuliza: niipige polishi?

Kusafisha mashine, kutia mafuta na kubadilisha mipira ya kuzuia maji ni lazima. Polishi ni jambo jengine. Haizibi mkwaruzo; hukwangua chuma mpaka kilingane nao, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kona huviringika, chapa ya dhahabu hufifia. Ya kupakwa dhahabu ndiyo kabisa!

Zile zenye nembo ya jambia alizotunuku Sultan Qaboos wa Oman, wanunuzi huzitaka zaidi zikiwa hazijaguswa.

Mimi ningeiacha na mikwaruzo yake. Mwambie fundi kabla hujaondoka, aandike kwenye risiti: “Bila polishi.”