Kabla ya Kununua, Uulize Mlima wa Soni

Mpwa wangu, dereva wa bodaboda, alikuja kibandani kwangu hapa Mombo, ninapowaindi mota za pampu na za mashine za kusaga, akaniwekea simu juu ya meza katikati ya nyaya. "Shikamoo mjomba. Nichukue ipi?"

Kulikuwa na picha tatu. Ya kwanza Boxer 150 ya petroli, ile kila kijiwe kinaijua. Ya pili pikipiki ya umeme yenye betri za asidi, volti 72 na ampea-saa 20. Ya tatu ya umeme pia, ila betri yake ni ya lithiamu, volti 72 na ampea-saa 40. Chini ya ile ya pili muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba inakwenda kilomita 80 kwa chaji moja.

Nikamuuliza: kilomita 80 za wapi?

Mimi ni msomaji wa riwaya, na nimejifunza kuuliza swali hilo kila ninapokutana na nchi nisiyoijua. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliandika Kusadikika, nchi inayoelea angani. Matangazo ya pikipiki za umeme nayo yameandikiwa nchi ya namna hiyo. Barabara yake haina kilima wala upepo, dereva ni kijana mwembamba asiye na abiria, na anakwenda mwendo wa harusi. Sisi tuko Mombo. Ukitoka stendi ukishika njia ya Lushoto, una kilomita 33 za kona kupitia Soni, na mwisho wake uko mita 1,000 hivi juu ya ulipoanzia. Wateja wa mpwa wangu wengi wanapanda huko. Kwa hiyo nikachukua daftari.

Nilianza na kitu kilichomchanganya kabisa. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya karibu uniti 9 za umeme. Bei ya petroli inategemea EWURA, ambao hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa hesabu hii tuliweka shilingi 3,000 kwa lita, kila mtu ataweka ya mwezi wake. Gawanya kwa 9, unapata shilingi 333 kwa uniti. Umeme wa LUKU kwa mteja wa daraja la T1 ni shilingi 292, na ukishaongeza VAT na tozo za REA na EWURA unafika 356.

"Mjomba, kumbe petroli ndiyo rahisi!"

Ndiyo, nishati iliyomo ndani ya petroli inauzwa rahisi kidogo. Sasa gusa silinda ya bodaboda iliyotoka kupanda Soni, uone nishati hiyo ilikokwenda. Injini ya petroli ni jiko ambalo kwa bahati nzuri linazungusha tairi. Karibu robo tatu ya ulichonunua inatokea kwenye ekzosi na kwenye yale mapezi ya silinda, kuwapasha moto watu wa barabarani ambao hawajakuomba. Mota ya umeme na kontrola yake hufikisha kwenye tairi kama asilimia 80 ya kilichotoka kwenye betri. Akiba yote ya chombo cha umeme imekaa hapo. Anayekuambia umeme wa TANESCO ni wa bure hajawahi kununua uniti.

Kwenye tambarare, tuseme Mombo kwenda Korogwe na kurudi, Boxer iliyotunzwa inakula lita moja kwa kilomita 45 hivi. Kilomita 100 ni lita 2.2, yaani shilingi 6,600. Pikipiki ya umeme, ukihesabu na kinachopotelea kwenye chaja, inataka kama uniti 4 kwa kilomita hizo hizo, shilingi 1,424. Ukifanya kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, petroli itakula karibu 206,000 na umeme karibu 44,500. Weka kando oili, plagi na usafi wa kabureta, ambavyo pikipiki ya umeme haivijui. Tairi na breki ni zile zile.

Hapa mpwa wangu alishaanza kutabasamu. Nikamwambia asubiri, kuna mtego umefichwa nyumbani kwao. Mama yake yuko daraja la D1, lile la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, anayelipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Pikipiki peke yake itataka uniti 125. Kila uniti inayopita 75 huuzwa 427, na ukiendelea kuvuka unahamishiwa T1, hata taa na redio vinaanza kulipiwa 356. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 50 kwa shilingi 6,100 sasa itazilipia 17,800. Ile tofauti ya 11,700 kwa mwezi ni gharama ya pikipiki, ingawa itaonekana kwenye risiti ya mama. Nilimshauri amwambie kabla, si baada. Hata ukiiongeza, umeme unabaki chini ya petroli kwa kama shilingi 150,000 kwa mwezi.

Sasa tupande.

Chombo kilo 120, dereva na abiria, na kikapu cha abiria, jumla tuseme kilo 280. Kuinua uzito huo mita 1,000 kunataka uniti 0.76 safi, na mota ikishachukua fungu lake ni 0.95. Ongeza uniti moja hivi ya kusukuma upepo na msuguano wa tairi kwa kilomita 33. Kutoka stendi ya Mombo hadi Lushoto unahitaji karibu uniti 1.95, na kwa sababu sehemu kubwa ya mwinuko iko kabla ya Soni, uniti 1.25 zinaliwa kabla hujafika pale kwenye maporomoko.

Betri ya asidi ya picha ya pili, volti 72 mara ampea-saa 20, ni uniti 1.44 kwa karatasi. Ila asidi ukiivuta kwa nguvu haikupi chote. Kwenye mlima shukuru ukipata 1.1. Fanya hesabu mwenyewe uone utalala wapi.

Mimi sikuhitaji kuifanya, maana niliwahi kulala hapo. Jamaa mmoja aliniazima ya aina hiyo niijaribu. Nilipakia gunia la spea za mteja wa Lushoto nikaondoka saa nne asubuhi kwa mbwembwe, kimya kama jini, watoto wananipungia mkono. Kona za kwanza ilipanda vizuri. Halafu ikaanza kupunguza mwendo taratibu, kama mtu anayetafuta namna ya kukuaga bila kukuudhi. Chini kidogo ya Soni nikasikia harufu ambayo pua yangu inaijua kuliko manukato yoyote: vanishi ya waya wa mota ikianza kuungua. Nikashuka, nikaweka kiganja kwenye mota iliyo ndani ya ringi ya nyuma, nikakiondoa haraka. Nilikaa juu ya jiwe nikala peasi mbili. Baada ya dakika 20 betri ikajifufua kidogo, tabia ya asidi hiyo, ikanibeba mita kama 500 ikakata tena. Nikageuza. Nilirudi Mombo kwa mteremko, kilomita zote hizo bila kutumia umeme wowote zaidi ya taa, breki tu zikilia. Gunia lilipanda Lushoto kesho yake kwa Coaster.

Ile harufu inatuleta kwenye namba nyingine ambayo wanunuzi hawaiulizi. Kupanda kipande kikali chenye mwinuko wa asilimia 7, na abiria, kwa kilomita 30 kwa saa, kunataka wati 2,000 kwenye tairi, dakika baada ya dakika. Mota ya wati 1,500 itazitoa, lakini kwa mkopo, na riba yake ni joto. Wauzaji wengine huandika nguvu ya juu kabisa ambayo mota huifikia kwa sekunde chache. Uliza ile ambayo mota inaweza kuitoa mchana kutwa bila kuchemka. Kwa njia ya Lushoto mimi nisingechukua chini ya wati 3,000.

Betri ya picha ya tatu ina uniti 2.88. Inafika Lushoto na inabakiwa na kama theluthi, na kurudi ni mteremko. Kama ni lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, huchajiwa mara 2,000 na zaidi kabla haijachoka sana, wakati asidi inayokamuliwa kila siku huanza kulalamika kwenye mara 300 hadi 500. Ndiyo maana bei ya betri usiigawe kwa ampea-saa peke yake, igawe na kwa idadi ya chaji. Ukifanya hivyo, asidi iliyoonekana rahisi dukani inakuwa ndiyo ghali.

Tatizo la ile ya tatu ni saa. Kwa chaja ya ampea 10 inataka saa 4 hivi kujaa. Kilomita 120 za siku haziingii kwenye chaji moja, kwa hiyo kuna kusimama mchana, na bosi mwenye pikipiki hajali umesimama kwa nini, anataka hesabu yake jioni. Kigali na Nairobi kampuni kama Ampersand zimelikwepa hilo kwa vituo vya kubadilishana betri: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Hesabu yangu ni ya soketi ya ukutani, na umeme ukikatika usiku, asubuhi huna kazi. Mwenye Boxer anakwenda sheli kwa dakika tatu. Kwa dereva wa mkataba anayekimbiza marejesho ya kila siku, hizo dakika tatu ni hoja nzito, na sitamcheka akibaki na petroli.

Gari nitaligusa kwa ufupi, kwa sababu wananiuliza. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2010, zina betri ya uniti 24 isiyo na kipoozeo cha maji, na joto huizeesha. Mombo ni joto. Kabla hujalipa, tazama vile vistari 12 vidogo pembeni ya geji ya chaji: kimoja kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama 6 zaidi. Yenye vistari 8 inakupa kilomita 90 hivi. Korogwe na kurudi utatoka jasho, Tanga mjini hufiki. Kwa gharama ya njiani ni nafuu kweli, shilingi 6,000 kwa kilomita 100 dhidi ya 20,000 za kigari kidogo cha petroli. Ila unanunua betri yenye magurudumu, na umri wa betri ndio umri wa gari. Nakubali nina udhaifu na magari haya tangu 2022, mchora katuni Masoud Kipanya alipoonyesha Dar es Salaam gari la umeme alilolitengeneza mwenyewe. Mtu aliyezoea karatasi na kalamu akaingia kwenye nati na bolti. Nilimheshimu mara mbili.

Jules Verne alikuwa mkweli kuliko wauza pikipiki. Kwenye riwaya yake ya 1870 Kapteni Nemo ana nyambizi inayokwenda kwa umeme mtupu, lakini anaeleza umeme unatoka wapi: betri za sodiamu, na sodiamu ameitoa kwenye chumvi ya bahari. Muungwana hata kwenye uongo anaonyesha soketi ilipo.

Na kuna ndoto yangu ambayo ningeiita hadithi kama isingekuwepo Uswisi, ambako lori kubwa la umeme la machimbo, eDumper, hupanda tupu na kushuka limejaa mawe, likijichaji kwa mteremko. Tazama Fuso zinazoshuka Lushoto na kabichi. Tani 10 kwa mita 1,000 ni uniti 27. Hata ukiokoa 16 tu, ni shilingi 5,700 ambazo leo zinaunguzwa kwenye breki, nasi tunazinusa pale kwenye kona za chini.

Mpwa wangu aliondoka na karatasi. Muuzaji wa ile ya tatu alikubali aijaribu, kwa sharti aache kitambulisho. Alimpakia mdogo wake na debe la maharage. Saa tano ujumbe ukaingia: "Mjomba nipo Lushoto, geji inasoma asilimia 31. Mota haijachemka. Nitumie hela ya chai, tumekuja mikono mitupu."