Nailoni Si Kuni za Jiko

Jua linapokaribia kuchwa, mitaa yetu hufuka moshi wa makaa. Ndani ya moshi huo mara nyingi husikika harufu nyingine, kali, yenye kukereketa koo. Ni ya kipande cha nailoni au pakiti tupu ya sabuni, iliyotiwa chini ya makaa ili yashike moto upesi. Hatumlaumu mama afanyaye hivyo. Mafuta ya taa ni ghali, watoto wana njaa, na pakiti hiyo haina mnunuzi. Hata wakusanyao chupa huiacha pale pale ilipo. Lakini tumeona ni wajibu wetu kueleza kwa nini haitakiwi na mtu, na kwa nini jiko si mahali pake.

Plastiki ni jina moja la vitu vingi. Mfano wake ni tasbihi: chembe ndogo zilizoungana katika mnyororo mrefu, na kila aina ina shanga zake. Njia ya kawaida ya kuichakata upya ni kuiosha, kuisaga na kuiyeyusha, nayo yataka aina moja peke yake. Pakiti ya sabuni hugandishwa kwa tabaka za aina mbalimbali, pengine na alumini kati yake, wala kuyeyusha hakuwezi kuzitenga. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwetu Agosti 2017, lakini pakiti zilibaki. Mwaka huo huo watafiti walihesabu taka zote za plastiki zilizopatikana duniani hadi 2015, wakaona kuwa takriban asilimia 9 tu ndizo zilizochakatwa upya.

Ipo njia nyingine, ya kikemia. Waliosoma fiqhi wanalijua neno istihala: kitu kubadilika dhati yake, kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Kuyeyusha ndoo ikawa beseni si istihala, kwani plastiki ni ile ile. Kemia huukata uzi wa tasbihi. Katika njia iitwayo pairolisisi, plastiki hutiwa katika chombo kisichoingia hewa, ikapashwa moto wa nyuzi 400 hadi 600 hivi za Selsiasi. Kwa kuwa hakuna oksijeni, haiungui. Hukatika ikawa mvuke. Mvuke huo ukipozwa, kama wafanyavyo wapikao marashi ya mawaridi, hutoka mafuta yanayofanana na yale yachimbwayo ardhini. Yakisafishwa huweza kufanywa plastiki mpya.

Njia ya pili inawahusu akina mama zaidi ya wanavyodhani. Mabuibui mengi ya leo hushonwa kwa poliyesta, na poliyesta ni plastiki ile ile ya chupa ya maji, iliyovutwa ikawa nyuzi. Ikipikwa na methanoli chini ya shinikizo, hurudi kuwa viambato vyake vya awali. Rangi na uchafu huondolewa, kisha huundwa upya.

Hata hivyo, tusidanganyike. Kazi hizi zahitaji nishati nyingi na gharama kubwa. Mafuta hayo yakiishia kuchomwa katika injini, plastiki haikurudi kuwa plastiki, imekuwa moshi tu. Na ikichanganyika na PVC, ile ya mabomba, hutoka asidi inayokula mitambo. Hata kemia, basi, yataka plastiki iliyotengwa.

Sasa lilinganisheni hilo na jiko letu. Hakuna chombo kilichofungwa, hakuna cha kupoza mvuke. Plastiki huungua nusunusu, na sumu zake, miongoni mwazo dioksini hasa penye PVC, huingia kifuani mwa mama aliyeinama kupepea na mtoto aliye mgongoni mwake.

Wenzetu wa Lamu wametuonyesha kuwa taka yaweza kupandishwa thamani pasipo kiwanda cha kemia. Jahazi Flipflopi, lililoshushwa majini 2018, liliundwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki na kupambwa kwa ndara 30,000 zilizookotwa. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mafundi hawakuokota na kuunda tu. Kwanza walichagua na kutenga.

Kutenga huko kwaanzia nyumbani. Makaa yawashwe kwa makumbi na vifuu vya nazi, ambavyo pwani yetu haivikosi. Chupa ziwekwe gunia lake, pakiti lake, zikiwa kavu. Zikikosa wa kuzichukua, ziende na taka za kuzolewa. Na aliye na uwezo apimiwe mafuta na sabuni kwa chombo chake, kwani mwenye shilingi chache hana hiari ila kununua pakiti ndogo.

Tulifundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Kukiondoa jikoni, wanapopumua watoto wetu, ni aula zaidi.