Mshono Umekauka, Kikapu Kingoje

Wiki mbili baada ya upasuaji wa kupunguza matiti, mshono mara nyingi huwa umekauka. Hautoi maji, hauumi sana, na sidiria mpya inakaa vizuri. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako viwanda vya chai vya Kionyo, Githongo, Mungania na Rukuriri hupokea majani mwaka mzima, mwenye shamba huanza kuwaza kikapu chake. Chini ya mstari huo mkavu, hata hivyo, kazi ndiyo kwanza imeanza.

Wiki moja baada ya kukatwa, ngozi huwa na takriban asilimia 3 tu ya uimara wake wa awali. Wiki ya tatu hufika karibu asilimia 20. Miezi mitatu ikipita hukaribia asilimia 80, na haizidi sana hapo.

Mwili hufunga kwanza, kisha huimarisha. Saa za mwanzo damu huganda na kuziba mianya. Siku chache zinazofuata, chembe nyeupe za damu hula vijidudu na mabaki ya nyama iliyokufa, ndiyo maana titi huvimba na kuwa na joto. Baadaye hujengwa kolajeni, nyuzi za protini zinazoshika ngozi, lakini za awali ni dhaifu na zimepangwa ovyo. Kwa mwaka mmoja au zaidi mwili huzibomoa taratibu na kuweka nyingine zilizo imara.

Titi lina udhaifu wake wa pekee. Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Robert Wise, alichapisha mchoro wa kukata ngozi alioutoa kwenye vipande vya sidiria, na madaktari wengi wanautumia hadi leo. Mshono wake huzunguka chuchu, hushuka wima, kisha hulala katika mkunjo wa chini, ukiacha kovu lenye umbo la nanga. Pale mstari wa wima unapokutana na ule wa mlalo, ncha za ngozi ziko mbali na mishipa inayozilisha damu, tena zinavutwa kila upande. Hapo ndipo mshono hufumuka mara nyingi. Ufa mdogo kwa kawaida hujifunga wenyewe ukisafishwa na kubadilishwa bendeji, ila daktari sharti auone.

Ndiyo sababu wagonjwa huambiwa wasinyanyue vitu vizito kwa wiki nne hadi sita. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mzigo wa kuni unaobebwa mgongoni kwa kamba ya kichwani huweza kuuzidi, na kunyoosha mikono kutwa juu ya michai huvuta misuli ya kifua.

Hali ya hewa nayo ina neno. Tambarare za Mbeere, kama Siakago na Kiritiri, zina joto zaidi kuliko Runyenjes iliyo mteremkoni, na jasho hujikusanya katika mkunjo wa titi. Ngozi ikikaa na unyevu hulainika na kuchubuka, kisha fangasi na bakteria hupata makao. Baada ya kuoga, mkunjo hukaushwa kwa kugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua, kisha huvaliwa sidiria ya pamba isiyo na waya.

Halafu kuna miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere. Kathinoni, kichangamshi kilichomo, hubana mishipa ya damu na kuondoa hamu ya kula. Sigara inayoandamana nayo huibana zaidi kwa nikotini. Ncha za ngozi zinazosubiri damu hunyimwa oksijeni, na mwili unaohitaji protini hukosa chakula. Anayetafuna au kuvuta anapaswa kumwambia daktari wake, pamoja na mtaalamu wa nusukaputi, mapema kabla ya siku ya upasuaji. Ndengu na maharagwe ya eneo hilo hutoa protini, na maembe huongeza vitamini C, ambayo bila hiyo kolajeni haikamiliki.

Asali nayo isipakwe ovyo. Ile inayotumiwa hospitalini kutibu vidonda huuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya mzingani inaweza kuwa na mbegu za bakteria hatari.

Chuchu ikigeuka nyeusi, titi moja likivimba ghafla, wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikifika nyuzi 38, mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji Nairobi asingoje miadi ya huko. Hospitali za rufaa za Meru na Embu, au ya Chogoria iliyo kati yake, ziko karibu zaidi.

Miezi ikipita, baadhi ya makovu huinuka na kuvuka mpaka wa mkato. Hizo ni keloidi, nazo huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, hasa karibu na mfupa wa kifua. Vibandiko vya silikoni na sindano za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado dogo. Aliyewahi kupata keloidi sikioni baada ya kutogwa ana sababu ya kulitaja hilo kabla hajakatwa.