Mzigo wa Mzegazega

Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo, pembe ya ndovu iliyomshinda mpagazi mmoja ilifungwa kwenye mti, ikachukuliwa mzegazega na wawili. Ndivyo ilivyo ndoa inapoingiliwa na saratani ya mrija wa nyongo.

Nyongo hutoka kwenye ini kwenda utumbo mwembamba. Uvimbe ukiiziba njia hiyo, macho huwa ya manjano, mkojo hufanana na chai ya rangi, choo hupauka, na ngozi huwasha. Huu si uchawi, wala saratani hii haiambukizi. Basi tusimtenge mgonjwa kitandani wala mezani.

Mwenzi aandamane naye hospitalini, hata ikiwa ni safari ndefu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Asikilize pamoja naye, ampe chakula kidogo kidogo mara nyingi. Daktari akiwa ameweka kijirija cha kupitisha nyongo, kisha homa na kutetemeka vikatokea, warudi siku ile ile. Hata ugonjwa usipoponyeka, maumivu hutulizwa.

Nasi majirani tumpokee mwenzi huyo mzigo: bega la mpagazi wa nyuma nalo huchubuka.